Kwenda Kula Nyama Mutuka



Tangu mavuno ya mbaazi wamenijia watu wa nyumba tatu, mmoja wao mwalimu wa shule, na swali lao ni lile lile: Je, yafaa mtu mwenye mke na watoto kwenda kula katika zile nyumba za nyama choma, ambazo ndizo hizo hizo nyumba za pombe? Kwa kuwa nimekula humo mara kadha wa kadha, peke yangu na pamoja na jamaa yangu, naona heri niwajibu wote kwa pamoja katika karatasi hii. Nitasema mema niliyoyapata na mabaya, nisifiche, kisha kila mwenye nyumba apime mwenyewe pamoja na mkewe.

Wasomaji walio mbali wajue kwanza ni mahali pa namna gani. Mutuka ni kata mojawapo ya mji wa Babati, lakini mgeni akifika asitazamie ghorofa na taa. Ataona mashamba ya mahindi na mbaazi, na ng'ombe wakirudi jioni. Katikati ya mashamba hayo imesimama nyumba ndefu ya bati, ukuta wake umepakwa rangi za kampuni ya bia, na mbele yake ua wenye vibanda vya nyasi na viti vya plastiki. Upande mmoja iko kaunta yenye nondo. Upande wa pili liko dirisha la bucha ambamo mbuzi ametundikwa, na nyuma yake jiko la mkaa. Hiyo ndiyo baa ya shamba, nazo zafanana, ukiisha kuiona moja umekwisha kuziona kumi.

Kwa wazee wetu mambo hayakuwa hivi. Pombe ilikuwako, tena nyingi. Wabarbaig walikuwa na gesuda yao ya asali, nayo ilinywewa na wazee kwa taratibu na heshima, si kila mtu na kila siku. Lakini chakula hakikuuzwa penye pombe. Mtu alikula kwake, na akipita kwa jirani saa ya kula alikula kwa jirani, wala hakuulizwa fedha. Desturi hii ya kuketi kwenye meza ya mtu usiyemjua, ukahudumiwa na mtu usiyemjua, kisha ukahesabiwa shilingi, imekuja na barabara. Babati imo katika ile njia kuu iliyokusudiwa kutoka Cape Town hata Cairo, lakini kwa miaka mingi upande wa Kondoa ulikuwa vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika, hata mabasi ya Arusha yaendayo Dodoma yakaona afadhali kuzunguka kwa Chalinze. Mwaka 2002 Babati ikafanywa makao makuu ya Mkoa mpya wa Manyara. Mwaka 2018 lami ya kutoka Dodoma hata Babati, kilometa 251, ikafunguliwa rasmi. Basi wakaja madereva, makarani, wafanya biashara na watu wa semina, na wote wana njaa.

Tena iko mbaazi. Mkulima akiisha kuuza mbaazi zake ana fedha mkononi kwa siku chache, na siku hizo ndizo vibanda vya nyasi hujaa. Mwaka 2017 serikali ya India ilipoweka mpaka wa mbaazi zinazoingia kwao, bei iliporomoka hata wengine hawakuona faida ya kuzivuna. Mwaka ule ukipita mbele ya nyumba hizi siku ya Jumamosi ulikuta mwenye baa na mchomaji wake wakitazamana. Nataja jambo hili ili msomaji asidhani ya kuwa wenye nyumba hizi ni matajiri wote. Wao nao hula mbaazi hizo hizo.

Wako wazee wa kanisa waonao kwamba mwalimu wa dini kuonekana penye kreti za bia ni kwazo. Siwalaumu. Mtume Paulo naye aliwaandikia Wakorintho habari za nyama na meza za watu wengine, na aliyesoma barua ile ajua ya kuwa swali hili si la leo. Sisi nyumbani kwetu tumepatana hivi: twaenda mchana, twaketi nje uani, twaondoka kabla jua halijachwa. Usiku nyumba ile ile ni nyumba nyingine.

Sasa nieleze kula kwenyewe. Usiketi kwanza. Mgeni hukimbilia kiti, akaagiza kilo mbili kwa sauti kubwa, kisha akashangaa kuletewa mifupa. Nenda kwenye dirisha la bucha, tazama nyama ina muhuri wa mkaguzi, tazama mshale wa mizani umesimama kwenye sifuri kabla nyama haijawekwa, kisha onyesha kwa kidole: hapa pajani, na hapa ubavuni kidogo kwa ajili ya mafuta. Kilo moja mbichi haitakuwa kilo moja ikiisha kuchomwa, maana maji na mafuta hushuka katika moto. Watu wengi hugombana na mchomaji bure kwa kutojua hilo. Halafu subiri. Nyama njema haipungui dakika arobaini, na ikija upesi sana ujue ilikuwa ya mtu mwingine, au ya jana. Binti ataleta birika la maji ya moto, sabuni na beseni, naye atakunawisha mikono. Kisha mchomaji mwenyewe huja na ubao na kisu, akakata mbele yako, akaweka chumvi pembeni, kachumbari, limau, pilipili, na ndizi za kuchoma au ugali.

Mara ya kwanza nilipowapeleka watoto ilikuwa Jumatatu ya Pasaka. Sijapata kula mbuzi kama yule. Nje amekauka na kushika moshi, ndani laini, na ule ubavu watoto waliutafuna mpaka mfupa ukawa mweupe. Jirani yetu wa kibanda cha pili alikuwa mzee wa Kibarbaig mwenye shuka na fimbo yake. Alipoona mtoto wetu mdogo amemkazia macho, akamega ndizi yake akampa, akamwuliza jina la baba wa baba yake. Tulilipa shilingi 34,000 kwa watu sita, soda zikiwamo. Kwa mwalimu wa dini fedha hizo si haba, nasi hatuwezi kufanya hivyo ila mara moja au mbili kwa mwaka, lakini mke wangu alisema njiani ya kuwa siku hiyo ndiyo siku ya kwanza katika mwezi aliyokula chakula kabla hakijapoa. Maneno hayo nimeyaweka moyoni. Waume wenzangu, ulizeni nyumbani kwenu.

Mara nyingine haikuwa hivyo. Nalikuwa na rafiki yangu, mwalimu mwenzangu wa zamani, mtu wa Kondoa na Mwislamu, naye alitaka mbuzi. Mbuzi alikuwako, lakini nikaona kichwa cha nguruwe kwenye ndoo, nikamwuliza mchomaji, Jiko la kitimoto liko wapi? Akasema, Mwalimu, ni hili hili, moto husafisha vyote. Sikumjibu neno. Nalirudi kwa rafiki yangu nikamweleza kama nilivyoona, tukanywa soda zetu, tukalipa, tukaenda kula wali na maharage mjini. Nyumba nyingine za Babati zina majiko mawili, na visu viwili, na mbao mbili, tena hazikutumia mali nyingi kuyapata hayo. Katika mji wetu Wakristo na Waislamu huzikana na kuozana mbele ya macho ya wote. Mtu asiyeweza kununua wavu wa pili wa kuchomea aandike basi mlangoni ya kuwa anauza nguruwe tu, watu wajue.

Na kwa kuwa nimetaja nguruwe, niseme neno kwa ninyi mnaomla. Msikubali nyama yake yenye wekundu ndani, hata mchomaji akiapa. Nyama ya nguruwe mgonjwa huwa na vifuko vidogo vyeupe kama punje za mchele, na mtu akivila bila kuiva hupata tegu tumboni. Mtu mwenye tegu asiyenawa baada ya choo huwapa wengine mayai yake kwa mikono, na mayai hayo yakimezwa, watoto wake huweza kupanda hata kwenye ubongo, mtu akaanza kuanguka kifafa. Hizi si hadithi za kutisha watoto: madaktari waliowapima wagonjwa wa kifafa katika Hospitali ya Haydom, huko Mbulu kwa jirani zetu, walikuta vifuko hivyo vichwani mwa baadhi yao, wakatoa habari zake mwaka 2009. Wangapi katika vijiji vyetu bado wasema kifafa ni uchawi! Kwa hiyo lile birika la maji ya moto si adabu tu, na mchomaji mwenye haraka si wa kusifiwa.

Habari za muziki sitazirefusha. Mara moja tulikaa karibu na spika moja kubwa kama kabati, tukala tukisemezana kwa ishara kama mabubu. Nalimwomba binti, akamwomba kijana wa muziki, akapunguza. Baada ya nyimbo mbili akarudisha. Samaki pia nimemla humo, perege wa Ziwa Babati, siku moja akiwa mbichi na mtamu, siku nyingine macho yamezama na nyama yavunjika kama keki. Samaki tazama macho, na ukiona ameisha kukaangwa, kula ugali na mboga.

Lakini jambo lililonifanya nichukue kalamu si nyama wala samaki. Ni habari za yule binti anayeleta birika.

Ilikuwa Jumamosi, nami nalikaa peke yangu nikingoja ndugu yangu ashuke kwenye basi la Singida. Kwenye kibanda cha mbele wamekaa wanaume wanne waliokuja na gari, watu wa kuvaa vizuri. Walikula kilo tatu za mbuzi, wakanywa, wakamwita binti kwa kupiga makofi na kwa majina ambayo baba hangependa bintiye aitwe. Halafu mmoja akasema aenda kutazama gari. Wa pili simu yake ikalia, akaondoka polepole akizungumza mpaka langoni. Wa tatu akauliza choo. Wa nne akabaki, akaita bili, ikaja shilingi 84,000; akabofya simu yake, akamwonyesha binti ujumbe ya kuwa fedha zimekwisha kutumwa kwenye namba ya nyumba. Binti akaenda kaunta kuhakikisha. Aliporudi kiti kilikuwa kitupu, na gari limekwisha kushika lami. Ule ujumbe ulikuwa wa uongo.

Binti hakupiga kelele. Alifuta meza. Kisha akachukua daftari la shule lililoning'inizwa kaunta kwa kamba, akaandika mwenyewe jina lake, na tarehe, na 84,000, na neno moja: shoti. Nalimwita, akaja akasema, Shikamoo mwalimu, usinihurumie, hii ni ya tatu tangu nianze. Nikamwuliza, Mwanangu, mshahara wako ni kiasi gani? Akasema, Elfu themanini kwa mwezi, na kulala, na kula mchana. Basi fanyeni hesabu. Wanaume wale walikula mshahara wake wa mwezi mzima na elfu nne za mwezi ujao, nao pengine walikuwa wakicheka njiani wakidhani wamemwibia mwenye baa.

Nalimngoja mama mwenye nyumba, nikamsalimu kwa heshima, nikamwuliza. Naye alinijibu bila hasira, na maneno yake nayaandika kwa haki, maana hakuwa mtu mbaya. Alisema: Mwalimu, usinione simba. Mwaka jana binti mmoja aliondoka na mauzo ya siku mbili. Nikitangaza kwamba hasara yote ni yangu, kila juma wateja watatoroka, nami nitajuaje nani ametoroka kweli, na nani amepatana na mhudumu? Leseni yangu, umeme wangu, mkaa wangu, nani ananiandikia shoti?

Ndipo nikamweleza mambo niliyoyasoma. Mwaka 2013 serikali iliweka shilingi 130,000 kwa mwezi kuwa kima cha chini kwa watu wanaofanya kazi katika migahawa, nyumba za wageni na baa, na tangu hapo kimeongezwa. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa sababu ya hasara ila kwa masharti: hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe, aandikiwe ni hasara gani na imehesabiwaje, apewe nafasi ya kujitetea, awe amekubali kwa maandishi, na makato yote yasizidi robo ya mshahara wa fedha. Binti wako, nikasema, kosa lake ni nini? Desturi ya nyumba hii ni mteja kula kwanza na kulipa mwisho. Desturi hiyo hakuiweka yeye.

Mama akanyamaza, kisha akasema neno ambalo hata leo likinijia hunichekesha na kuniumiza pamoja: Mwalimu, sheria hiyo imeandikwa Dodoma, bili hii imeandikwa Mutuka.

Tulizungumza mpaka ndugu yangu akafika na mizigo yake, naye akaketi akasikiliza. Mwisho mama akakubali kubeba nusu: 42,000 juu yake, na 42,000 juu ya binti, akatwe 14,000 kwa miezi mitatu. Kwa sheria hiyo bado si haki, wala mshahara haukufika penye kima, nami nalimwambia hivyo. Nalimwambia binti naye, mbele ya mama yule, ya kuwa yuko Afisa Kazi, na iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na ya kuwa kwenda huko si utovu wa adabu. Alitikisa kichwa. Alijua, kama nijuavyo mimi, ya kuwa mabinti wa kujaza nafasi yake wapo kumi langoni. Baada ya miezi miwili aliondoka kwenda Arusha, ambako dada yake amempatia kazi ya kushona.

Wasomaji wapenzi, tangu siku ile nimeyasikia malalamiko ya watu juu ya nyumba hizi kwa sikio jingine. Wengi husema, Wahudumu wa pale wana kiburi, ukiwaita hawaji, wakija wanakuganda kama kupe. Binti anayekuganda huenda ameandikwa mara tatu kwenye daftari la kamba. Hakutazami wewe, anatazama mlango. Nyama mbovu mpelekee mchomaji, wala usimtukane binti aliyeibeba sahani. Na ikiwa bili ina kosa, nenda nayo kaunta mwenyewe, msomeni wote wawili. Walimu, nanyi mnao wanafunzi wa darasa la saba ambao mwaka ujao watakuwa wakibeba mabirika hayo. Wafundisheni kusoma karatasi kabla ya kuitia sahihi, na wajue kwamba sheria hiyo inasomeka kwa Kiswahili.

Juzi nimepita pale tena pamoja na mke wangu. Juu ya dirisha la bucha mama ametundika ubao ulioandikwa kwa chokaa: LIPIA NYAMA KABLA HAIJAINGIA MOTONI. VINYWAJI LIPA VIKIFIKA. Wateja wengine wamechukia. Mtu mmoja mwenye cheo alisema ni matusi kudaiwa kabla ya kula kama kwamba ni mwizi, akahamia nyumba ya jirani pamoja na rafiki zake watano, na mama asema pengo lao analiona kila Ijumaa. Nikamwuliza kama ataufuta ule ubao. Akasema atangoja mbaazi zivunwe, aone. Mke wangu akatoa fedha dirishani, binti mgeni akahesabu, akarudisha chenji, akaandika risiti, nasi tukaenda kuketi kivulini kungoja dakika zetu arobaini.